Mota Inazunguka, Paa Limesimama

Ukibonyeza swichi ya sanrufu, kile kipande cha paa kinachofunguka, kwenye Benzi langu, sauti haitoki juu ya kichwa chako. Inatoka nyuma, ndani ya buti, kama kuna mtu umemfungia huko anasaga kahawa. Abiria wengi hugeuka. Shemeji yangu mmoja aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nina uhakika kwamba buti ni tupu.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983, mwili wa W123. Kiwanda kiliutoa mwili huo Januari 1976 na kikaendelea nao hadi katikati ya miaka ya 1980, karibu magari milioni 2.7 kwa jumla. Kwetu ni gari la zama za wabenzi, mkubwa anakaa nyuma na pazia dirishani. Yalipochoka yakashushwa cheo: mengine yakawa teksi, mengine yakafia gereji yakiwa yametagiwa na kuku. Langu nililinunua kwa mzee mmoja wa Upanga, hapa Dar es Salaam, aliyekuwa amelifunika turubai miaka kadhaa chini ya mwarobaini. Huo mwarobaini uukumbuke.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nalisema hili mapema ili ukubwa wa aibu yangu ujulikane. Kila mwaka nafundisha mada ya msuguano, nachora kipande cha mbao ubaoni, naweka mishale, na wanafunzi wananakili. Halafu nikakaa miezi saba na paa linalokwama bila kulikumbuka neno hilo hata mara moja.

Ugonjwa ulianza polepole. Wakati wa kufungua lilikuwa linasita katikati kisha linaendelea. Kufunga ndiko kulikokuwa na kazi: linakuja mbele vizuri, likibakisha kama vidole vinne linagoma, na mtu wa kahawa kule nyuma anaendelea kusaga. Nikapata mbinu. Mke wangu anashika swichi, mimi nanyoosha mkono juu nalivuta bati kwa kiganja, na baada ya kusukumana kidogo linajifunga. Tuliishi na mbinu hiyo mpaka siku moja ya Aprili tulipokuwa kwenye foleni Daraja la Selander, masika yakafunguka, na mbinu ikakataa. Kijana wa bodaboda aliyesimama kando yetu, mwenyewe amelowa chapachapa, alituangalia kwa huruma iliyoniuma kuliko mvua.

Nieleze kidogo jinsi paa hili linavyofanya kazi, maana bila hivyo mengine hayataeleweka. Kipande kinachofunguka ni bati zito la chuma, si kioo. Ukifungua, ukingo wake wa nyuma unazama kwanza, kisha bati lote linateleza kurudi nyuma, chini ya paa lenyewe. Ukifunga, linakuja mbele, na mwishoni kabisa linanyanyuliwa upande wa nyuma mpaka lilingane na paa. Kinacholisukuma ni kebo ya chuma iliyozungushiwa waya mwingine kama chemchemi. Mizunguko hiyo ndiyo meno yake, na gia ya mota inauma hapo. Mota imekaa ndani ya buti, pembeni, nyuma ya bitana, na kebo inapanda hadi juu ikiwa ndani ya bomba lake. Halafu kuna klachi ya msuguano. Kazi yake ni kuteleza paa linapofika mwisho, ili mota isiungue. Kwa hiyo ukisikia mota inazunguka na paa limesimama, si lazima kitu kimekatika. Inawezekana klachi inafanya kazi yake tu, kwamba mzigo umeizidi nguvu.

Sasa nayajua hayo. Wakati ule nilijua kitu kimoja: kuna swichi, basi ni umeme.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa umeme wa magari, eneo la Ilala. Alifungua boksi la fyuzi akakuta ya sanrufu imekata. Fyuzi za gari hili si zile bapa za magari ya siku hizi. Ni vijiti vya kauri vyenye ncha mbili kama risasi, na ukanda mwembamba wa chuma umepita ubavuni. Nyeupe ni ampea 8, nyekundu ni 16. Akaweka mpya, tukajaribu, ikakata. Akaweka nyingine, ikakata. Ya tatu akachukua kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, akaibana, akajifuta mikono. “Bosi, hii haikati tena.”

Kweli haikukata. Nikamlipa na kumshukuru. Usiku nikawa nalala vizuri, na waya zilizopita ndani ya paa, juu ya vichwa vya wanangu, hazina mlinzi. Fyuzi kukata mara tatu ilikuwa ni taarifa: kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi kwa sababu kinasukuma kitu kizito. Sisi tukamnyamazisha aliyeleta taarifa.

Wiki mbili baadaye swichi ikaanza kupata joto. Nikanunua nyingine ya mtumba kwa shilingi 70,000, bei ambayo muuzaji aliitaja akiwa anatazama funguo zangu, si swichi. Hakuna kilichobadilika. Ndipo nikaazima mita ya maabara ya shule nikaamua kufanya kazi kama mtu aliyesoma.

Hapa sehemu moja niliifanya vizuri, na sitaificha. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.5. Kwenye waya za mota, kabla mota haijashika mzigo, nikapata 12.3. Mtu angeishia hapo akasema umeme upo. Lakini volti bila mzigo ni kama ahadi ya mkopaji, inapendeza mpaka siku ya kulipa. Nikamwambia mwanangu abonyeze swichi na paa likiwa linasukumwa, na macho yangu kwenye mita: 9.6. Volti karibu tatu zilikuwa zinapotea njiani kati ya betri na buti. Nikafuata njia kipande kwa kipande, nikiwa nimeweka ncha moja ya mita huku na nyingine kule, na nikakuta nyingi zinapotelea kwenye boksi la fyuzi. Fyuzi za ukanda wa aluminiamu huota unga mweupe kwenye ncha, na huku pwani hewa yenyewe ni chumvi. Vishikio vilikuwa vimefifia kama vijiko vya zamani.

Nikavisugua kwa msasa laini, nikaweka fyuzi za ukanda wa shaba, za ampea sahihi, nikazizungusha kila moja kwa vidole ndani ya kishikio chake ili ijikwangue. Nikafungua swichi nikasafisha ndimi zake. Kipimo kikapanda hadi 11.4 paa likiwa linasukumwa. Nilifurahi kama mtu aliyepasishwa mtihani. Nikabonyeza swichi, bati likaja mbele kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, likafika vidole vinne kabla ya mwisho, likasimama. Vidole vinne vilevile.

Kwa mtu mwenye akili timamu hiyo ilikuwa hoja ya kutosha. Nimeongeza nguvu, pa kukwamia hapakubadilika. Basi tatizo liko hapo linapokwama. Mimi nikaelewa kinyume: kumbe nguvu bado haijatosha.

Nikagundua klachi ina nati ya kurekebishia. Nikaikaza nusu mzunguko. Paa likafunga! Likafunga na kufungua wiki nzima, na mimi nikawa nalifungua hata pasipo sababu, hata asubuhi ya mawingu, ili walimu wenzangu waone. Siku ya nane, karibu na Mwenge, nikasikia mlio mkavu wa kitu kilichovunjika, kama mfupa wa kuku. Bati likageuka upande: kona moja mbele, nyingine nyuma, kama kofia iliyovaliwa kwa hasira. Halikwenda mbele wala nyuma. Nikaliendesha gari hadi nyumbani Kunduchi na paa limefunikwa mfuko wa saruji na kamba ya katani imepita kwenye madirisha.

Hilo nalo ni langu, sina wa kumlaumu. Klachi ile imewekwa kuwa dhaifu makusudi. Inalinda mota, inalinda kebo, na zaidi ya yote inalinda vidole vya mtoto aliyeng’ang’ania ukingo wa paa wakati mwenzake anabonyeza swichi. Kuikaza ili kushinda mkwamo ni kuhamisha mahali pa kuvunjika tu. Ningeelewa hivyo kama kitu kile kingekuwa kwenye karatasi ya mtihani.

Aliyenifumbua macho hakuwa fundi umeme. Alikuwa mzee anayeshona siti za magari Magomeni, nilimwendea kwa sababu bitana ya ndani ya paa ilikuwa imelowa na kuanguka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Hilo paa mbona limenuna?”

Nikampa hadithi yote: fyuzi, swichi, volti, klachi. Alisikiliza huku anavuta uzi kwenye meno. Nilipomaliza akauliza, “Ukilisukuma kwa mkono linasemaje?”

“Mzee, hili ni la umeme.”

“Najua ni la umeme, mwalimu. Nauliza kwa mkono linasemaje.”

Sikuwa na jibu. Katika miezi saba sikuwa nimewahi kuitoa mota na kulisukuma paa peke yake. Sikuwahi kuvitenganisha vitu viwili ili nijue mgonjwa ni yupi. Mzee yule ameshona bitana za mapaa haya tangu gari hizi zikiwa mpya, na yeye kwake sanrufu ni kama droo ya kabati: kabla hujalaumu mkono unaovuta, unatazama reli.

Tukafungua bitana ya buti, nikatia alama ya rangi kwenye kebo na kwenye bomba lake ili nijue pa kurudishia, tukafungua skrubu za mota ikatoka. Nikaiunganisha moja kwa moja kwenye betri kwa waya mbili. Ikazunguka kwa nguvu. Nikabadilisha waya, ikazunguka upande mwingine kwa nguvu ileile. Mota ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Kisha tukapanda kwenye viti, mimi upande huu, mzee upande ule, tukaweka viganja chini ya bati na kulisukuma. Tulitokwa jasho. Upande wangu ulisogea kwa shida, upande wake haukusogea kabisa.

“Haya,” akasema, “umesikia lenyewe linavyosema.”

Zoezi zima halikuchukua saa moja, na zana ilikuwa spana na bisibisi. Siku hizi mtu akinieleza habari ya sanrufu, dirisha la umeme au hata geti la mota, swali langu la kwanza ni hilo la mzee, na huwa wananitazama kama nilivyomtazama yeye.

Kazi ya kufungua nitaieleza haraka kwa sababu ni ya subira kuliko ya akili. Bitana ya lile bati imeshikwa na vibanio upande wa mbele. Unaliacha paa wazi kidogo, unapenyeza kitu kisichokwaruza, unavitoa kimoja kimoja, halafu bitana inarudishwa nyuma ndani ya paa ili ufikie skrubu. Mzee alitumia mwiko wa kupakulia aliouchonga ncha. Vibanio vya miaka arobaini havina huruma, viwili vilivunjika hata kwa mkono wake. Bati lenyewe ni zito na pembe zake ni kali, kwa hiyo tulilitoa wawili, tukalilaza kwenye godoro la siti.

Ndipo nikauona mwarobaini. Vijani vyake, vile vidogo vinavyopukutika kama makombo, vilikuwa vimejaa kwenye mfereji unaozunguka shimo la paa. Vimeoza, vimekauka, vimeoza tena, vimekuwa udongo mweusi wenye mbegu. Na kwenye reli, grisi ya kiwandani ilikuwa imegeuka kitu kama nta ya masikioni, kahawia, ngumu, imeshika mchanga. Juu yake kulikuwa na tabaka linalong’aa, na hilo nililitambua. Ilikuwa kazi yangu. Mara tatu nilikuwa nimepuliza kwenye reli ile dawa ya kopo ya kulegezea nati. Kila mara paa lilikuwa laini siku mbili tatu, kisha likawa zito kuliko mwanzo. Dawa ile ni nyepesi. Inalainisha grisi ya zamani, inaisambaza, kisha yenyewe inakauka na kuacha gundi ya vumbi. Nilikuwa napaka ugonjwa na kuuita tiba.

Tulisafisha kwa mafuta ya taa, kitambaa na mswaki, kidogo kidogo, tukiwa tumefunika viti. Petroli mzee alikataa hata kuiona karibu, kwa mvuke wake ndani ya gari na kwa sababu inaharibu plastiki na gundi. Pale palipokuwa na kutu ya juujuu tulikwangua, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaacha ikauke usiku. Nilibahatika. W123 nyingi hufia hapo: mfereji wa sanrufu unaoza kwa ndani bila mwenye gari kujua, na siku anapojua ni lazima paa lichomelewe.

Kwenye reli ya kushoto tukakuta kilichovunjika Mwenge: kipande cha plastiki kinachoteleza ndani ya reli, kikiwa vipande vitatu. Cha kulia nacho kilikuwa na ufa. Joto la miaka mingi lilikuwa limekifanya kikauke kama biskuti, halafu nati yangu ikamaliza. Vipya nilimwagiza mtu anayesafiri aniletee kutoka Ujerumani, lakini alikuwa anarudi baada ya wiki sita na mvua haikuwa na habari hiyo. Nikaomba jikoni kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama. Plastiki ile inateleza yenyewe, haikwaruzi chuma, na inachongeka kwa msumeno na tupa. Nilichonga viwili kwa kufuata kipimo cha kile chenye ufa, nikaharibu kimoja, nikachonga tena. Mke wangu aliniambia nikimaliza nirudishe kibao kama kilivyokuwa. Nilirudisha chenye umbo la ramani ya nchi isiyojulikana.

Lakini sehemu iliyonifundisha zaidi ilikuwa maji. Nilidhani mpira na ule ukanda laini kama mahameli unaozunguka bati ndivyo vinavyozuia mvua. Vinapunguza tu. Maji yanategemewa kuingia. Yanaangukia kwenye mfereji, na kwenye pembe nne za mfereji kuna vitundu vinne vyenye mipira inayoshuka ndani ya nguzo za gari, miwili mbele na miwili nyuma, na kuyamwaga nje chini. Sanrufu nzima ni bakuli lenye matundu. Matundu yakiziba, maji yanakaa juu, yanalainisha vumbi kuwa tope, tope linaingia reli, reli zinakuwa nzito, mota inavuta umeme mwingi, fyuzi inakata, na mwalimu wa fizikia anakwenda Ilala kutafuta fundi umeme.

Nikajaribu kwa kikombe. Nusu kikombe cha maji kwenye kila pembe, polepole, na mtoto amechuchumaa chini anangoja yatokee. Mbele kulia yalitoka mara moja. Mbele kushoto yalitoka yakidondoka kama bomba la mtaani. Nyuma kulia hayakutoka. Nyuma kushoto hayakutoka nje, yakatokea ndani ya buti, kwenye shimo la tairi la akiba. Ndiyo maana zulia la buti lilikuwa na harufu ya kisima, nami nilikuwa nimemlaumu mwenye gari wa zamani.

Wa kwanza kunishauri alisema nipeleke kwa kompresa nipulize. Mzee akasema hapana. Upepo wa nguvu unaweza kuuchomoa mpira kwenye kishikio chake ndani ya nguzo, na hapo kuurudisha ni kubomoa nusu ya gari. Tukatafuta kitu laini lakini kisichokunjika. Jirani yangu mvuvi akanipa pima tatu za mshipi mnene wa samaki wakubwa. Nikauchoma ncha kwa kiberiti ikawa duara ndogo ili isitoboe mpira, nikausukuma kutoka juu huku nauzungusha. Kulia kukatoka uozo wa vijani. Kushoto ukagonga kitu kigumu, ukagoma. Nikaenda kutokea chini, nikasukuma kwa subira, na likadondoka donge la udongo mkavu lenye tundu katikati: nyumba ya nyigu. Walikuwa wameingia kwa chini na kujenga. Mpira wenyewe ulikuwa umechomoka huko juu, ndiyo maji yakawa yanaingia buti. Nikaurudisha na kuubana kwa klipu. Kikombe cha pili kikatoka chote, na mtoto akapiga makofi.

Kurudisha kila kitu kulichukua siku mbili. Grisi mpya nilipaka kidogo sana, nyembamba, kwenye reli na kwenye kebo, wala si kwenye ule ukanda wa mahameli. Mtu anayejaza grisi anawaandalia vumbi makazi. Kabla ya kurudisha mota tulipima kwa rula pande zote mbili ili bati liende sambamba, kisha tukalisukuma kwa viganja. Lilikwenda. Lilikwenda kwa mkono mmoja, bila kukanyagia kiti. Nilicheka peke yangu.

Kulisawazisha ni ufundi wa milimita. Ukingo wa mbele uwe chini ya paa kwa kama milimita moja, wa nyuma uwe juu kidogo kwa kiasi hichohicho, la sivyo upepo unapiga mluzi njiani. Kujua kama ukanda unabana sawa tulitumia noti ya elfu moja: ifungie kwenye ukingo, ivute. Inatakiwa ikatae kidogo kisha itoke. Ikitoka bure hapo pana nafasi, isipotoka hapo pamekaza na mota itateseka. Tulizunguka bati lote tukivuta noti. Wapita njia walidhani tunapima kama ni bandia.

Na klachi nikailegeza. Nilimwambia mwanangu abonyeze swichi huku nimelishika bati kwa mikono miwili, nikakaza nati robo robo mpaka nikapata mahali ambapo nikilishika kwa nguvu linasimama, nikiliachia linaendelea. Fyuzi ni ya ampea iliyoandikwa kwenye kifuniko. Haijakata.

Vipande vya Ujerumani vilikuja vikiwa vimechelewa mwezi. Viko kwenye droo. Vya kibao cha nyama bado vinafanya kazi na sioni sababu ya kuvisumbua. Gari nalo nimelihamisha, linalala upande wa pili wa uwanja, mbali na miti, na kabla ya vuli na kabla ya masika napita na kikombe changu pembe zote nne.

Bitana mpya mzee aliifunga mwenyewe, na kwa kazi yote ya siku zile aliomba pesa niliyoona ndogo mno. Nilipotaka kuongeza akasema hataki, ila nimpeleke kwa dada yake Kinondoni paa likiwa wazi. Alikaa kiti cha nyuma, upande wa wakubwa, ameshika kofia yake kwa mkono mmoja, akiwapungia watu ambao sina hakika kama anawajua. Tulipokaribia makutano ya Morocco manyunyu yakaanza. Nikabonyeza swichi. Mzee hakutazama juu. Aligeuza shingo, akasikiliza buti mpaka mwisho.

“Anasaga kidogo kidogo sasa,” akasema, akavaa kofia yake.